Jinsi ya Kufuatilia Ndege ya Mabomu Iliyoanguka Vitani na Watu Waliopotea Nayo

Anayeanza kutafuta habari za ndege nzito ya mabomu iliyoanguka katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mara nyingi huwa na kitu kimoja tu mkononi: jina lililochongwa kwenye jiwe la kaburi, kipande cha bati kilichoibuliwa na jembe, au picha ya kijana aliyevaa beji ya bawa moja kifuani. Hiyo beji peke yake ina mengi ya kusema. Rubani alivaa mabawa mawili. Mwenye bawa moja alikuwa na kazi nyingine ndani ya ndege, na herufi zilizo kando ya bawa huitaja kazi yenyewe, kwa mfano N kwa mwongoza njia, E kwa mhandisi wa ndege na AG kwa mpiga bunduki. Mwongozo huu unahusu ndege zilizoruka kutoka Uingereza kushambulia Ujerumani na nchi ilizozikalia, yaani Lancaster, Halifax na Stirling za Jeshi la Anga la Kifalme (RAF), pamoja na B-17 na B-24 za Wamarekani.

Kamandi ya RAF iliyosimamia ndege zake za mabomu, Bomber Command, ilipoteza watu 55,573 kati ya takriban 125,000 walioruka chini yake. Kwa hesabu hiyo, swali la kwanza haliwezi kuwa ndege ilianguka vipi. Swali la kwanza ni ndege ipi, na usilipite swali hilo mpaka ulijibu kwa uhakika, kwa maana nimeona simulizi nzuri zilizoandikwa kwa uchungu mwingi kuhusu ndege ambayo siyo.

Anza na jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye intaneti inayotoa namba ya jeshi, cheo, skwadroni, tarehe ya kifo na mahali pa kaburi au ukumbusho. Ukishapata hayo, nenda kwenye orodha ya waliopotea inayotunzwa na kituo cha kumbukumbu za Bomber Command mjini Lincoln, ambayo mara nyingi humuunganisha marehemu na ndege yake na wenzake waliokuwa naye. Usishangae kukuta tarehe mbili tofauti. Mashambulizi ya RAF kwa sehemu kubwa yalifanywa usiku, na usiku mmoja hugusa siku mbili, ndiyo maana wanahistoria huandika, kwa mfano, 30/31 Machi 1944, usiku ambao ndege 795 zilitumwa Nuremberg na 95 hazikurudi. Mtu aliyekufa usiku huo anaweza kuandikwa tarehe 30 katika karatasi moja na tarehe 31 katika nyingine, na zote mbili zikawa zinazungumzia tukio lile lile.

Kinachotafutwa hapa ni namba ya ndege. Kwa ndege za RAF ni herufi mbili zikifuatwa na tarakimu tatu, au herufi moja na tarakimu nne kwa ndege za mwanzoni mwa vita, na namba hiyo haikupewa ndege nyingine. Usiichanganye na herufi kubwa zilizopakwa ubavuni: mbili za skwadroni na moja ya ndege yenyewe. Ndege yenye herufi J ikipotea leo, nyingine mpya ilipewa J hiyo hiyo baada ya siku chache, kwa hiyo mzee anayekumbuka kwamba kaka yake aliruka na J amekupa dokezo tu.

Ukiwa na skwadroni na tarehe, fungua kitabu cha kumbukumbu za operesheni cha skwadroni hiyo, kilichomo katika mfululizo wa AIR 27 wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew. Kuna sehemu mbili na ni lazima usome zote. Fomu 540 ni muhtasari wa shughuli za kila siku, wakati mwingine ukiwa na maneno machache kuhusu hali ya hewa na waliopotea. Fomu 541 ndiyo yenye safu: namba ya ndege, majina ya waliomo, saa ya kuruka, saa ya kutua na maelezo ya safari. Kwa ndege iliyopotea, safu ya kuruka ina saa na dakika, safu ya kutua iko tupu, na kwenye maelezo, mahali ambapo wenzao waliorudi wameandikiwa mistari mitano kuhusu moto walioona chini na mizinga iliyowapiga, kuna sentensi moja kwamba ndege haikurudi na hakuna kilichosikika tangu iondoke. Mwandishi wa sentensi hiyo alikuwa karani aliyekaa mezani kesho yake, na alichojua ni kwamba hawajafika. Usiifanye sentensi hiyo ibebe zaidi ya hapo.

Sasa hesabu majina. Lancaster kwa kawaida ilibeba watu saba: rubani, mhandisi wa ndege, mwongoza njia, mlenga mabomu, fundi wa simu ya upepo, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani. Ukikuta wanane, wa nane huenda ni rubani mgeni aliyepanda ili aone vita inavyokwenda kabla ya kukabidhiwa kundi lake mwenyewe, ingawa baadhi ya skwadroni ziliongeza mtu kwa kazi maalumu.

Ushauri ninaousisitiza kuliko wote ni huu: wafuatilie wote saba, hata kama wewe una ndugu mmoja tu kati yao. Sababu ni ya kikazi kabisa. Watu hawa walitoka sehemu nyingi za dunia. Johnny Smythe wa Sierra Leone, kwa mfano, alikuwa mwongoza njia katika ndege ya RAF iliyodunguliwa Novemba 1943, akaishia kambi ya mateka hadi karibu na mwisho wa vita. Kila nchi ilihifadhi karatasi zake kwa utaratibu wake. Majalada ya RAF kuhusu waliopotea, mfululizo wa AIR 81, yamekuwa yakifunguliwa kwa awamu, na huenda ukakuta la mwaka unaoutaka bado halijafunguliwa. Lakini ikiwa mpiga bunduki wa nyuma alikuwa Mwaustralia, jalada lake linaweza kuwa katika mfululizo wa A705 wa Hifadhi ya Taifa ya Australia, na mengi kati ya hayo yanasomeka bure kwenye intaneti. Ikiwa mlenga mabomu alikuwa Mkanada aliyekufa vitani, jalada lake la utumishi limehifadhiwa na taifa lake. Taarifa ya uchunguzi iliyowekwa kwenye jalada la Mwaustralia inaihusu ndege nzima, kwa hiyo inamhusu na ndugu yako.

Kwa Wamarekani kazi ni nyepesi kidogo. Tangu 1943 waliandika taarifa maalumu kwa kila ndege iliyopotea na watu wake, na humo utakuta orodha ya waliokuwamo, mahali ndege ilipoonekana mara ya mwisho, maelezo ya walioishuhudia kutoka ndege za jirani (waliruka mchana, kwa makundi, hivyo mashahidi walikuwapo), na hata namba za injini na za bunduki. Namba hizo ni dhahabu iwapo siku moja kipande cha chuma kitaibuka.

Si kila ndege ilianguka mikononi mwa adui, na hapa ndipo watafutaji wengi hupotea njia. Usiku wa 16/17 Desemba 1943, Lancaster 25 zilipotea katika shambulio la Berlin, kisha takriban 30 nyingine zikaanguka au kuachwa na watu wao angani Uingereza kwenyewe, kwa sababu ukungu ulikuwa umefunika viwanja na mafuta yamekwisha. Wengine wengi walikufa wakiwa bado mafunzoni. Ajali za namna hiyo zina kadi zake, Fomu 1180, ambazo jumba la makumbusho la RAF huko London huweza kukutafutia. Kadi ni fupi na mara nyingi hutupa lawama kwa rubani; kumbuka kwamba rubani hakuwepo kujitetea.

Palipo na manusura, tafuta maneno yake. Usiku wa 12/13 Juni 1944, Lancaster KB726 ya skwadroni ya 419 ya Kanada iliwaka moto karibu na Cambrai, Ufaransa. Pat Brophy alinaswa mkiani katika kibanda chake cha bunduki. Mwenzake, Andrew Mynarski, badala ya kuruka nje kwa mwavuli, alitambaa ndani ya moto akajaribu kumfungua kwa shoka hadi nguo na mwavuli wake vikashika moto, na Brophy akamwashiria aende. Mynarski aliruka akafa kwa majeraha ya moto; Brophy akabaki ndani ya ndege ilipopiga ardhi, na akapona. Yaliyotokea mkiani yalijulikana kwa sababu Brophy aliishi kuyasimulia, na mwaka 1946 Mynarski akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Katika ndege ambazo hakuna aliyepona, mambo kama hayo huenda yalitokea, ila hutayapata kwenye karatasi yoyote, na si haki kuyatunga.

Kwenye makaburi, soma safu nzima. Mawe yaliyogusana bega kwa bega huonyesha kwamba waliozikwa hapo hawakuweza kutenganishwa. Baada ya vita RAF ilituma maofisa kuzunguka Ulaya wakihoji makasisi na wanakijiji, wakifukua makaburi na kutambua watu kwa pete, kwa viatu, kwa alama ya dobi iliyobaki kwenye kola ya shati. Wengi walihamishiwa makaburi makubwa kama Reichswald Forest nchini Ujerumani, hivyo kaburi la leo linaweza kuwa mbali na shamba ndege ilipoangukia. Wasiopatikana, zaidi ya 20,000, majina yao yako kwenye kuta za ukumbusho wa Runnymede, Uingereza.

Kuhusu mabaki yenyewe, piga picha, andika mahali, usichukue. Uingereza, sheria ya 1986 inalinda kila mahali ilipoanguka ndege ya kijeshi, na kuchimba bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa. Nchi nyingine zina sheria zake. Tena mabomu hayajui kwamba vita imekwisha. Thamani ya kuwaachia wenye kazi ilionekana katika ziwa la Markermeer, Uholanzi. Mabaki ya Stirling moja yalidhaniwa kuwa ya BK710, mpaka kipande cha kasha la sigara chenye herufi za mwanzo za jina kilipowaelekeza wachunguzi kwenye BK716 ya skwadroni ya 218, iliyopotea Machi 1943 ikitoka Berlin, na ambayo iliopolewa mwaka 2020. Kama kasha hilo lingeishia kabatini kwa mkusanyaji, familia saba zingeendelea kuambiwa hakuna kilichopatikana.

Wakati wa kuandika ukifika, tenganisha kwa maneno kile karatasi inachosema, kile shahidi alichosema na kile unachokisia. Kabla ya kuchapisha, waandikie ndugu wa wale wengine barua fupi, uwaulize kwanza kama wangependa kujua, kwani taarifa za ufukuaji hueleza hali ya miili waziwazi kuliko mtu anavyotarajia. Kisha panga majina. Rubani hutangulia hata kama alikuwa sajini na mwongoza njia wake ofisa, kwa sababu ndani ya ndege yeye ndiye aliyekuwa mkuu. Wafuate wengine kwa kazi zao, na aliyepona awemo kwenye orodha hiyo hiyo.