Somo: Kupima neva na misuli ya mbwa anayeburuta mguu

Mbwa wengi wanaoletwa kwetu hapa Arusha wakiburuta mguu wamegongwa na bodaboda, na wenye mbwa huuliza kwanza habari za mfupa. Mfupa ukithibitika kuwa mzima, zinabaki neva na misuli, ambazo kwa sehemu kubwa hupimwa kwa mikono.

Kabla ya kumshika, uliza kuhusu chanjo. Mbwa asiyechanjwa ambaye taya limelegea na mate yanamtoka asiguswe mdomoni hata kidogo, kwa kuwa kichaa cha mbwa huweza kuanza hivyo.

Hatua ya kwanza, mtazame akitembea kwenye sakafu isiyoteleza.

Hatua ya pili, mshikilie asianguke, kisha kunja wayo ili upande wake wa juu uguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha papo hapo.

Hatua ya tatu, mlaze ubavu, umgonge kwa nyundo ndogo ya mpira kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti, uone kama mguu unaruka.

Hatua ya nne ndiyo inayokosewa zaidi. Ukibana kidole kwa koleo na mbwa akavuta mguu, usiandike kwamba anasikia maumivu, kwa sababu tendo hilo hukamilika ndani ya uti wa mgongo bila ubongo kuhusika. Anayesikia maumivu hugeuza kichwa, hulia au hutaka kuuma.

Mwisho ni elektromiografia, yaani kipimo cha umeme wa misuli, ambayo mbwa hufanyiwa akiwa amepewa dawa ya usingizi: sindano ya elektrodi huchomwa msulini, na msuli mzima uliotulia huwa kimya, ilhali uliopoteza neva yake hutoa mawimbi madogo ya umeme wenyewe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo daktari. Wangu amegongwa juzi. Apimwe kwa sindano leo?

Marahaba. Kwa daktari aende leo, lakini sindano isubiri, kwani mawimbi hayo huchukua takriban wiki moja kujitokeza, na kipimo cha mapema kinaweza kuonyesha kwamba msuli ni mzima ilhali sivyo.

Niko Moshi. Je, baridi ya Julai huathiri kipimo cha kasi ya umeme kwenye neva?

Ndiyo, neva iliyopoa hupitisha umeme polepole. Mbwa aliye kwenye usingizi wa dawa hupoa hata siku ya jua, kwa hiyo mfunike blanketi, upime joto la mguu na kuliandika kando ya majibu.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili ana kasi ndogo ya neva kuliko mama yake. Ni ugonjwa?

Si lazima, kwa kuwa utando unaozunguka neva zake bado unakua; mlinganishe na wa umri wake.