Jinsi ya Kufuatilia Safari ya Mayai Yako Ndani ya Maabara ya IVF

Wenzi wengi wanaopata matibabu ya IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, huzijua vyema habari za sindano, za ultrasaundi na za siku ya kuvuna mayai, lakini mayai yakishaingia maabara hubaki wakisubiri simu tu, na kila simu inapolia hesabu huwa imepungua. Mwongozo huu unaeleza kinachotendeka humo siku kwa siku pamoja na maswali ya kuuliza katika kila hatua, ili idadi utakayotajiwa uipime kwa hatua yake, badala ya kuiona kama hasara iliyotokea tangu jana.

Maandalizi huanza kabla ya siku yenyewe. Mwanamume hutakiwa kujizuia kutoa manii kwa muda wa siku 2 hadi 7, kisha akusanye sampuli yote katika chombo alichopewa na kliniki. Ikiwa sehemu imemwagika aseme bila haya, hasa ile ya mwanzo, kwa kuwa ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Nyote wawili msijipake manukato siku ya kuvuna mayai wala siku ya kuhamisha kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kukua) hadi mji wa mimba, kwa sababu mvuke wa kemikali unaweza kudhuru viinitete. Ndiyo maana hewa ya maabara huchujwa, na wataalamu wenyewe huingia humo bila kujipulizia chochote. Mtaulizwa majina na tarehe za kuzaliwa mara nyingi hadi mchoke. Vumilieni, maana kila mara mayai au mbegu zinapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, mtu wa pili au mfumo wa kielektroniki hushuhudia kwamba ni vya wenye jina hilo. Mhudumu akikutajia jina lako na kusubiri uitikie kwa kichwa, litamke mwenyewe kwa ukamilifu.

Mayai huvunwa takriban saa 34 hadi 36 baada ya sindano ya kuyakomaza. Daktari hunyonya majimaji ya vifuko vya mayai, na mtaalamu wa viinitete huyamimina katika kisahani chenye joto na kuyatafuta mayai kwa hadubini. Yai lenyewe lina upana wa karibu milimita 0.1, ila limefunikwa na seli nyingi zinazonata mithili ya ute, na hizo ndizo zinazolifanya lionekane kwa urahisi. Likipatikana huwekwa katika inkubeta yenye joto la nyuzi 37 za Selisiasi na kabonidioksidi iliyopimwa ili kulinda kiwango cha asidi katika majimaji ya lishe. Maabara nyingi pia hupunguza oksijeni hadi karibu asilimia 5, badala ya asilimia 21 iliyomo katika hewa tunayovuta, kwa kuwa hata ndani ya mirija ya uzazi oksijeni ni haba. Vitone vya majimaji hayo hufunikwa kwa mafuta maalumu ili visikauke.

Siku hiyo utatajiwa idadi ya mayai yaliyopatikana. Swali la kuuliza ni hili: mangapi yamekomaa? Yai lililokomaa hutambuliwa kwa kichembe kidogo kilichotemwa pembeni mwake, lakini kichembe hicho hakionekani mpaka seli zinazolifunika ziondolewe. Ikiwa mtatumia ICSI, yaani kudunga mbegu moja ndani ya yai, seli huondolewa siku ile ile na jibu hupatikana. Ikiwa mtatumia njia ya kawaida, ambapo mbegu huachwa zipenye zenyewe, jibu litapatikana kesho yake, kwa hiyo usidhani umefichwa jambo.

Wakati huo manii huoshwa ili mbegu zinazoogelea vizuri zitengwe na majimaji, mbegu zilizokufa na takataka nyingine. Katika njia ya kawaida maelfu ya mbegu huwekwa pamoja na yai, na moja hupenya yenyewe. Katika ICSI, njia iliyoleta mimba za kwanza huko Ubelgiji na kutangazwa mwaka 1992, mtaalamu huchagua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. ICSI iliwafungulia mlango wanaume wenye mbegu chache mno. Kama mbegu ni nzuri, si lazima iwe bora kuliko njia ya kawaida, na inafaa umwombe daktari akueleze kwa nini amekuchagulia hiyo.

Kesho yake, saa 16 hadi 18 baada ya mbegu kukutanishwa na yai, mtaalamu hutafuta viini viwili ndani ya yai, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Saa hizo zina maana, kwani viini hivyo hutoweka baadaye. Yai lenye viini vitatu, kwa mfano lililoingiwa na mbegu mbili, kwa kawaida halitumiki. Uliza basi: mangapi yana viini viwili? Tuseme mayai 12 yalivunwa, 9 yakawa yamekomaa na 6 yakarutubishwa. Hayo ni matokeo ya kawaida kabisa, ingawa anayesikia 12 kugeuka 6 kwa siku moja huumia. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, alitokana na yai moja tu.

Siku ya 2 kiinitete huwa na seli kama 4, na siku ya 3 kama 8. Kufikia hapo kimeishi zaidi kwa akiba iliyowekwa ndani ya yai. Kati ya seli 4 na 8 ndipo jeni zake zenyewe huanza kushika kazi, na vingi vyenye kasoro husimama kuanzia wakati huo. Maabara nyingi hazivitoi viinitete katika inkubeta kila siku, kwa hiyo simu isipolia siku ya 2 au ya 4 si dalili ya mabaya.

Siku ya 5 au ya 6 vinavyofaulu huwa blastosisti, yaani kipira chenye maji ndani. Utasikia alama kama 4AB: tarakimu huonyesha kiasi kilivyotanuka, herufi ya kwanza ni ya fungu la seli litakalokuwa mtoto, na ya pili ni ya ukuta utakaofanya kondo la nyuma. Alama hizi ni za sura tu, wala hazihesabu kromosomu. Mkitaka kromosomu zipimwe, seli chache hukatwa kwenye ukuta huo na kiinitete hugandishwa kikisubiri majibu. Ugandishaji wa siku hizi ni wa haraka sana, kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kufanya barafu, na viinitete hutunzwa katika nitrojeni kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Fomu za kuvihifadhi zisomeni kabla ya kuvuna mayai, wakati akili zimetulia, hasa kifungu cha muda na kile kinachosema nani ataamua mkitengana au mmoja wenu akifariki.

Siku ya kuhamisha, thibitisheni majina kwa mara nyingine na mwulize ni viinitete vingapi vinahamishwa na vingapi vinabaki. Kiinitete huvutwa ndani ya katheta laini, yaani mrija mwembamba, pamoja na tone dogo la majimaji, na daktari hukiweka katika mji wa mimba. Kisha katheta hurudishwa maabara, na mtaalamu huisuuza na kuichunguza kwa hadubini, kwa sababu mara chache kiinitete hunasa humo na hulazimika kuwekwa upya. Usiondoke kitandani kabla hujasikia kwamba katheta haina kitu.