Kuchora kusahau kwa logi, kuanzia jedwali hadi kanuni

Hatua ya 1: Pata takwimu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyechunguza kusahau, alikariri silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akazikariri upya na kupima kiasi cha kazi alichookoa. Ikiwa mara ya kwanza ilihitaji sekunde 1,000 na ya pili sekunde 600, akiba ni asilimia 40. Nakipenda sana kipimo hiki: kinanasa kumbukumbu hata pale mtu anapoapa kwamba hakumbuki kitu. Haya ndiyo matokeo aliyochapisha mwaka 1885, yaani muda uliopita tangu kukariri na akiba iliyobaki:

Dakika 20: asilimia 58.2
Dakika 64: 44.2
Dakika 526: 35.8
Siku 1: 33.7
Siku 2: 27.8
Siku 6: 25.4
Siku 31: 21.1

Hatua ya 2: Geuza muda wote uwe dakika, kisha tafuta logi, yaani kipeo unachoipandisha 10 ili upate namba hiyo (logi ya 100 ni 2). Siku 1 ni dakika 1,440, na logi yake kwa kizio cha 10 ni 3.158. Kwenye Excel andika =LOG10(A2), uburute hadi chini.

Hatua ya 3: Chora grafu mbili. Usiiruke hatua hii, maana ndipo jambo lenyewe linapoonekana. Ukiweka dakika kwenye mhimili wa mlalo, mstari unaporomoka mwanzoni kisha unalala. Ukiweka logi, nukta zilezile zinajipanga karibu na mstari ulionyooka.

Hatua ya 4: Tafuta mstari. Tumia fomula za Excel SLOPE (mteremko wa mstari) na INTERCEPT (mahali unapoanzia logi ikiwa 0), ukiweka safu ya akiba kwanza na ya logi baadaye. Nilipata:

K = 66.6 − 10.5 × log(t)

K ni akiba kwa asilimia, t ni dakika. Hiyo 10.5 ndiyo moyo wa kanuni: kila muda unapozidishwa kwa 10, unapoteza takriban pointi 10.5. Kutoka dakika 10 hadi 100 unapoteza kiasi kilekile unachopoteza kutoka siku 10 hadi siku 100. Kwa hiyo mimi hupendekeza marudio ya kwanza yafanyike siku ileile.

Hatua ya 5: Ijaribu kanuni. Kwa siku 1 inatoa 33.4, karibu sawa na kipimo. Kwa siku 6, 25.3. Kwa dakika 20 inatoa 52.9, chini ya 58.2 iliyopimwa, na kwa siku 31 inatoa 17.8 badala ya 21.1. Yaani katikati inashika vizuri, pembeni inalegea.

Hatua ya 6: Weka mipaka. Logi ya sifuri haipo, kwa hiyo usiulize kanuni hii kuhusu dakika ya sifuri. Upande wa pili, baada ya miaka 4 na kidogo inafika sifuri, halafu inatoa akiba hasi, jambo lisilo na maana. Ebbinghaus mwenyewe alikwepa tatizo hilo kwa kuiweka logi kwenye kigawanyo:

K = 100 × 1.84 / (log(t)^1.25 + 1.84)

Hapa K inashuka bila kugusa sifuri, na dakika 1 inatoa 100. Ukitaka kukisia miaka mingi mbele, tumia hii. Kwa kazi ya kati ya saa 1 na wiki chache, mstari wa hatua ya 4 unatosha, na ni rahisi zaidi kuukokotoa upya kwa takwimu zako mwenyewe.