Jinsi ya kutunza pupa (kiwavi aliyejifunga ndani ya gamba) mpaka kipepeo atoke salama

Kama una mlimau au mchungwa nyumbani angalia majani machanga, utaona kiwavi kama kinyesi cha ndege, akikua anageuka kijani na ukimgusa anatoa vipembe viwili vyenye harufu kali. Huyo ndo wa kuanza naye. Kata tawi lake, liweke kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wa chupa na tishu manake anaweza kuzama, alafu funika na neti.

Akiacha kula akaanza kuzurura muache kabisa. Anatafuta kijiti, anajishikiza mkia alafu anajizungushia uzi kiunoni kama fundi umeme juu ya nguzo. Hapo ndo anakuwa pupa na watu wengi wanamtupa wakidhani kafa, kumbe ndani mwili unavunjwa na kujengwa upya, inachukua kama wiki mbili tatu hivi. Mweke kivulini, mbali na sisimizi.

Gamba likiwa jeusi na unaona madoa ya njano ya mabawa, yuko karibu kutoka. Na tafadhali USIMSAIDIE! Mi nilimpasulia mmoja gamba nikidhani namuonea huruma, mabawa yakakaukia yamekunjamana, iliniuma sana. Anatakiwa aning'inie masaa kadhaa ayajaze na yakauke. Akidondosha maji yenye rangi usiogope, sio damu, ni uchafu wa tangu akiwa pupa.

Wenyeji wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wanafuga pupa hivi tangu 1993 kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede, na pupa hao wanauzwa mpaka nje ya nchi.