Skipton kwa siku moja: soko, kasri na mabonde ya Yorkshire

Panga siku kwanza, tiketi baadaye. Soko la Skipton, kaskazini mwa Uingereza, hufanyika High Street siku za Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Ukienda Jumapili utaukuta mji, soko hulikuti. Jumamosi ndiyo yenye shamrashamra, lakini ukiwa na mama au baba aliyekuja kukutembelea kutoka nyumbani, Jumatano ni tulivu zaidi kwake.

Treni kutoka Leeds huchukua kama dakika 45 bila kubadilisha, na Bradford Forster Square nako ipo ya moja kwa moja. Wa London hupanda King's Cross hadi Leeds, saa mbili na robo hivi, kisha hubadilisha. Wengi hupotezea hela hapo Leeds wakati wa kurudi: tiketi ya bei nafuu iliyokatwa mapema ni ya treni ile ile uliyochagua, ikikuacha unanunua nyingine. Kwa hiyo kati ya treni ya Skipton na ile ya London acha angalau saa nzima. Familia yenye mtoto wa miaka 5 hadi 15 inunue Family & Friends Railcard: watu wazima hupunguziwa theluthi ya nauli, watoto asilimia 60. Kama kadi iko kwenye simu, hakikisha simu ina chaji, maana mkaguzi ataiomba.

Ukifika, anza na kasri, mwisho wa juu wa High Street, kabla watu hawajawa wengi. Lilizingirwa miaka mitatu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, likasalimu amri Desemba 1645, na leo bado limeezekwa, siyo magofu. Katika ua wa ndani umesimama mti wa yew uliopandwa na Lady Anne Clifford mwaka 1659. Ngazi ni za mawe na nyembamba. Mzee mwenye magoti mabovu atachoka haraka. Huyo mpeleke kwenye mfereji wa Leeds na Liverpool. Njia ya kando yake ni tambarare, na zipo mashua za matembezi mafupi.

Sokoni, kuwa makini na pai. Zinazosifika sana huko ni za nguruwe, na hata yenye nyama nyingine unga wake huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza kabla ya kulipa. Anayekula halali tu afungashe chakula Keighley, iliyo njiani, au Bradford kama anapandia treni huko.

Nje ya mji chagua sehemu moja tu. Malham iko kama kilomita 18, Bolton Abbey kama 10, na mabasi ni machache. Ratiba hubadilika kwa siku na kwa msimu. Angalia kwanza basi la mwisho la kurudi, kisha upange kurudi nyuma kutoka hapo. Malham Cove ni jabali la chokaa la mita 80 hivi, lenye ngazi kama 400 hadi juu. Mawe ya juu yana nyufa zenye kina na huteleza yakilowa. Vaa viatu vyenye meno.

Wenye watoto twawashauri Bolton Abbey: magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa hapo 1154, na mawe ya kuvukia mto Wharfe maji yakiwa chini. Treni ya mvuke huendea huko kutoka Embsay, siyo kutoka stesheni ya Skipton, na ukishuka bado kuna mwendo wa kilomita mbili na ushei.

Ukiufuata mto huo zaidi kuelekea juu utafika Strid, na hapo tunasisitiza. Mto mzima unabanwa ndani ya ufa wa mwamba ambao mahali pengine unaonekana wa kurukika. Usijaribu. Mwamba una ukoga wa kijani unaoteleza, na chini maji yameuchimba kwa ndani, hivyo aliyeanguka huvutwa chini ya ukingo. Watu wamekufa pale. Mshike mtoto mkono na mbaki kwenye njia.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwezi huo matembezi ya mtoni yafanyeni asubuhi, soko na kasri yafuate mchana.