Iombe Akili Mnemba Makosa, Si Majibu Pekee

Mwalimu mwenzangu, unapoandaa somo la hisabati kwa msaada wa akili mnemba, usiishie kuiomba maswali na majibu yake. Iombe ikuandikie njia tatu za kukokotoa swali moja, mbili kati yake zikiwa na kosa ambalo wanafunzi hulifanya mara kwa mara. Katika kujumlisha 1/3 na 1/4, kwa mfano, wapo wanaojumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili wakapata 2/7, ilhali jibu sahihi ni 7/12. Waoneshe njia zote tatu bila kuwaambia ipi ni sahihi, kisha wawili wawili watafute mahali hasa hesabu ilipoharibika na waeleze sababu kwa maneno yao wenyewe. Atakayegundua kwamba 2/7 ni ndogo kuliko hata 1/3 yenyewe, yaani jumla imekuwa pungufu ya sehemu mojawapo iliyojumlishwa, huyo ameelewa kwa undani ambao jibu la kunakili haliwezi kumpa.

Jambo moja nalisisitiza sana: kokotoa mwenyewe kwa kalamu kabla ya kuingia darasani, kwa kuwa programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, hutunga maandishi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, na huweza kukosea kwa lugha ya kujiamini kabisa, hata katika ile njia uliyoomba iwe sahihi. Majina na alama za wanafunzi usiviandike humo kamwe. Swali lenyewe linatosha.