Sakafu ya Beetle Iliyoliwa na Kutu: Jinsi ya Kuikata na Kuijenga Upya

Kwenye Volkswagen Beetle, kutu hupenda kuanzia mahali pamoja: chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, pale betri inapokaa. Asidi hudondoka kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, rangi inababuka, kisha maji yanayopenya kwenye mipira ya madirisha yanamalizia kazi. Hili ndilo gari ambalo dereva Tommy Fjastad alishinda nalo Safari Rally mwaka 1962. Matope liliyaweza, asidi haliiwezi.

Langu nililinunua hapa Nairobi likiwa na sakafu nyeusi tii, imepakwa lami ikapendeza. Nilipobonyeza kwa kidole gumba karibu na reli ya kiti cha dereva, lami ilizama kama donge la unga wa chapati. Chini yake fundi fulani alikuwa amepigilia bati la paa kwa ribiti juu ya shimo, na kutu ikaendelea kula gizani. Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla hujashika grinda: jua kutu inaishia wapi.

Hatua ya 1: Tafuta chuma kizima

Toa viti na kapeti, kwangua lami yote kwa patasi pana. Chukua nyundo ndogo, gonga kila sentimita chache. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti butu. Sauti ikibadilika, dunga kwa bisibisi. Ikipenya, weka alama ya chaki, songa sentimita 3 zaidi ndani ya chuma kizima, kisha chora mstari wa kukatia hapo. Usikionee huruma chuma chembamba. Ukikichomelea kitatoboka, na utakimbizana na mashimo mpaka usiku.

Kagua pia yale maboksi marefu ya chuma chini ya milango, yanayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Bodi hufungwa kwenye sakafu kwa bolti zinazopita hapo. Yakiwa yameoza, yatengeneze kwanza, la sivyo sakafu mpya haina pa kushikilia.

Hatua ya 2: Ua asidi

Toa betri, kisha yeyusha magadi, haya haya ya kulainishia githeri, kwenye maji ya vuguvugu, umimine mahali pa betri. Yakitoa povu, asidi bado ipo. Rudia hadi povu liishe, suuza, kausha kabisa. Vaa glavu na miwani. Wengi huiruka hatua hii, na rangi yao mpya hubabuka palepale.

Hatua ya 3: Funga bodi isilegee

Weka gari kwenye stendi nne imara, kwenye sakafu ya saruji. Jeki peke yake isibebe gari ambalo utaingia chini yake. Ukishaondoa petroli kama Hatua ya 4 inavyoeleza, chomelea bomba za mraba za inchi moja kukingama nafasi za milango, kisha pima pembe kwa pembe na uandike vipimo ukutani. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uguse wa pili. Aliyekata pande zote mbili kwa pamoja hugundua siku ya mwisho kwamba milango haifungi.

Hatua ya 4: Ondoa petroli

Hapa nakusihi usiwe na haraka. Bomba la petroli la Beetle hupita ndani ya handaki la katikati ya sakafu, pamoja na kebo za klachi na aksileta. Utachomelea sentimita chache tu kutoka hapo. Betri ikiwa imeshatoka, toa tangi la mbele ulipeleke mbali na cheche, tenganisha bomba pande zote mbili, limwagike lote, kisha ziba ncha. Weka kizima-moto karibu, na mtu wa kuangalia upande usiouona.

Hatua ya 5: Kata

Fungua bolti za pembeni kwa spana namba 13. Zimeshika kutu, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulegezea tangu jana yake. Kata kwa diski nyembamba, ukiacha ukingo wa sentimita 2 kando ya handaki. Usilikate handaki lenyewe.

Hatua ya 6: Unda kipande kipya

Tengeneza kiolezo kwa katoni, ukikate na kukijaribu mpaka kikae bila kulazimishwa. Kisha nunua bati jeusi la geji 18, unene wa takriban milimita 1.2. Bati la paa ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaomtia mtu homa.

Bati likiwa tambarare litacheza na kunguruma barabarani, ndiyo maana sakafu ya kiwandani ina matuta. Langu nililipeleka Kamukunji, kwa mafundi wa bati hapa Nairobi. Fundi wa masanduku alililaza juu ya kipande cha reli, akashuka nalo kwa nyundo ya mviringo, pigo dogo dogo, akiligeuza kila mara, matuta yakanyooka kama mistari ya daftari. Kazi kama ile unailipia kwa moyo mmoja.

Hatua ya 7: Chomelea kwa subira

Tumia mashine ya migi yenye gesi na waya wa milimita 0.6 au 0.8. Mashine ya vijiti ya fundi wa mageti itatoboa bati hili. Paka rangi ya zinki ya kuchomelewa kwenye nyuso zitakazolaliana, shika kwa klempu, kisha tia nukta moja moja, ukiruka kutoka kona hadi kona. Subiri mahali papoe hadi kiganja kivumilie ndipo uongeze nukta nyingine kando yake. Usipoze kwa maji, bati litajipinda. Unapoendelea, rudia vipimo vya ukutani.

Hatua ya 8: Ziba na upake

Saga maungio, futa kwa thina, paka praima ya epoksi juu na chini. Ikikauka, ziba kila ungio kwa gundi ya maungio ya bodi, na mwisho kabisa paka kinga ya chini ya gari. Fanya hivi Januari au Februari, jua likiwaka, kabla ya mvua za Machi.

Kabla ya kurudisha kiti cha nyuma, ifunge betri kwa mkanda wake na ufunike vichwa vyake kwa kifuniko kisichopitisha umeme. Springi za kiti hukaa juu yake moja kwa moja. Abiria mzito akikaa zikagusa vichwa, kiti huwaka moto.